Mcheza kwao hutunzwa, na kocha wetu je?

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, kuna ubishi mmoja unaovuka mipaka ya Afrika Mashariki bila kulipiwa ushuru: nani kocha bora wa klabu duniani? Mwaka 2025 jina lililotawala lilikuwa la Luis Enrique, Mhispania aliyeipa Paris Saint-Germain Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa kuichapa Inter Milan mabao 5-0 mjini Munich, Mei 31. Septemba 22 akatangazwa mshindi wa tuzo ya makocha katika hafla ya Ballon d'Or. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Carlo Ancelotti, na kabla yake Pep Guardiola.

Hapa Port Bell majina hayo hayahitaji mkalimani. Mpakiaji mizigo wa Luzira, mwenye shehena kutoka Mwanza na dereva wa lori aliyetoka Kisumu wanaweza kukosana kuhusu bei ya samaki, lakini wote wanajua Guardiola amebadilisha nini kwenye safu ya kiungo ya Manchester City. Waulize kocha wa timu iliyoongoza Ligi Kuu ya Uganda msimu uliopita, wengi watakuna kichwa.

Gazeti hili halina ugomvi na Luis Enrique, wala na anayempenda. Mpira mzuri ni mzuri popote ulipochezwa. Tunachouliza ni kwa nini ukanda wenye watu wengi kiasi hiki, wenye mapenzi makubwa kiasi hiki na mpira, hauna mizani yake yenyewe ya kumpima kocha wa klabu anayefanya kazi ndani ya mipaka yake. Tunasema wakati wa kuwa na mizani hiyo umefika. Na tunasema zaidi: kabla hatujampa kocha wetu kikombe, tumfungulie mpaka, kama tunavyohangaika kuufungua kwa mahindi, maharage na dagaa.

Mizani ya nani?

Kwanza tuelewe tuzo hizi zinavyopatikana. Shirikisho la Kimataifa la Historia na Takwimu za Soka, IFFHS, limekuwa likimtangaza kocha bora wa klabu duniani tangu 1996. FIFA ilianza tuzo yake ya kocha bora mwaka 2010, na mshindi wa kwanza alikuwa Jose Mourinho. Ballon d'Or imeongeza tuzo ya makocha mwaka 2024 tu, ikaipa jina la Johan Cruyff.

Katika orodha ndefu ya washindi wa IFFHS, kocha wa klabu ya Afrika hayumo hata mmoja. Aliyewahi kupenya akifundisha nje ya Ulaya ni Carlos Bianchi wa Boca Juniors ya Argentina, mwaka 2000 na mwaka 2003. Angalia alichofanya miaka hiyo. Mwaka 2000 aliifunga Real Madrid mjini Tokyo. Mwaka 2003 aliing'oa AC Milan kwa penalti. Kwa maneno mengine, ili mtu wa nje ya Ulaya aonekane, ilibidi awapige Wazungu mbele ya kamera zao.

Sasa tazama upande wetu. Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Kwenye benchi alikuwa Lamine N'Diaye wa Senegal. Fainali walipoteza 3-0 mbele ya Inter Milan, na tuzo ya kocha bora wa FIFA ya mwaka huo ikaenda kwa Mourinho, ambaye alikuwa ameijenga Inter kisha akahamia Real Madrid katikati ya mwaka. Hatusemi Mourinho hakustahili. Alibeba mataji matatu msimu ule. Tunasema tu kwamba kazi ya N'Diaye ilikumbukwa kama maajabu ya wiki moja, ilhali ilikuwa kazi ya ufundi kama ya mwingine yeyote.

Wapo watakaosema kura ni zetu pia. Ni kweli. Katika tuzo ya FIFA kura zimegawanywa mafungu manne yenye uzito sawa: manahodha wa timu za taifa, makocha wa timu za taifa, mwandishi wa habari mmoja kutoka kila nchi, na mashabiki. Kura ya nahodha wa Uganda ina uzito uleule wa kura ya nahodha wa Ujerumani. Lakini majina ya kupigiwa kura huandaliwa kabla na jopo la wataalamu. Mfanyabiashara anaelewa haraka hali hiyo: umeitwa sokoni uchague kwa hiari yako, ila bidhaa zote zilizo mezani ni za muuzaji mmoja.

Tena kuna jambo la mtaji. Hapa bandarini hakuna anayepima akili ya mwenzake kwa ukubwa wa ghala. Swali la kwanza huwa: ulianza na shilingi ngapi, na leo unazo ngapi? Aliyeanza na gunia mbili za mahindi akafika lori moja ameonyesha ujuzi kuliko aliyerithi malori kumi akabaki na kumi. Tuzo za dunia hazipimi hivyo. Zinatazama nani amesimama juu ya kilele, na mara chache zinauliza alianzia bondeni au alishushwa hapo juu kwa helikopta.

Mvukaji mipaka aliyesahauliwa

Kama kuna mtu mmoja ambaye wasomaji wa gazeti hili wanapaswa kumjua kwa jina, ni Sam Timbe, kocha wa Uganda. Mwaka 2005 aliiongoza SC Villa kutwaa ubingwa wa klabu wa Afrika Mashariki na Kati, Kombe la Kagame, kule Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili tunalolitazama kutoka Port Bell. Mwaka uliofuata akalitwaa tena Dar es Salaam, safari hii na Police ya Uganda. Mwaka 2009 akalichukua na ATRACO ya Rwanda, kwa kuifunga Al Merreikh huko huko kwao Sudan. Mwaka 2011 akalibeba na Yanga ya Tanzania, kwa bao 1-0 dhidi ya watani wao Simba.

Hesabu hiyo isomwe polepole: mataji manne, klabu nne, nchi tatu, ndani ya miaka saba. Kila mara alikuta wachezaji wapya, na mara mbili alikuta nchi mpya, lugha ya vyumbani mpya na viongozi wapya wenye tabia zao. Mwenye kuuza bidhaa moja Kampala, Kigali na Dar es Salaam anajua ugumu wake. Kinachopendwa Nakasero hakitoki Kariakoo, na mteja wa Kigali ana masharti yake. Timbe aliuza ujuzi wake katika masoko hayo yote na hakurudi na mzigo.

Alipata nini? Heshima ya wapenzi wa mpira, bila shaka. Lakini mwaka huo huo wa 2011 haukuisha akiwa bado Jangwani. Na leo kijana wa Luzira anayeota kuwa kocha anaweza kukutajia mataji ya Ancelotti kwa mwaka na kwa mji, huku hajawahi kusikia kwamba mtu wa nchi yake mwenyewe alifanya kazi ya namna hiyo katika ukanda wake.

Timbe hayuko peke yake. Mike Mutebi aliifikisha KCCA hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2018, klabu ya kwanza ya Uganda kufika hapo, na Mei mwaka huo vijana wake wakaifunga Al Ahly ya Misri 2-0 Namboole. Mwaka uliofuata akaleta Kombe la Kagame kutoka Kigali. Charles Lukula, Mganda mwingine, aliifikisha Simba Queens ya Tanzania nusu fainali ya Afrika nchini Morocco mwaka 2022. Beldine Odemba, mwanamke wa Kenya, aliipa Kenya Police Bullets ubingwa wa ukanda mwaka 2024 mjini Addis Ababa.

Kisha yuko Florent Ibenge wa Kongo. Huyu aliifikisha AS Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2014, akatwaa CHAN na taifa lake mwaka 2016 kule Rwanda, akaibebea RS Berkane ya Morocco Kombe la Shirikisho mwaka 2022, akaifundisha Al Hilal ya Sudan wakati vita vimeifukuza klabu hiyo nyumbani. Mwaka 2025 alikuwa Chamazi na Azam, na mwezi Oktoba Azam ilifuzu hatua ya makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini katika mpira bado iko kanda nyingine, ya Afrika ya Kati. Ibenge hakusubiri mikutano ya mawaziri kuunganisha kanda hizo mbili. Amefanya hivyo kwa miguu yake.

Na tusidhani Afrika haijui kuthamini. CAF hutoa tuzo ya kocha kila mwaka. Mwaka 2016 ilikwenda kwa Pitso Mosimane baada ya kuipa Mamelodi Sundowns ubingwa wa Afrika, na usiku huo huo kipa wake Denis Onyango, Mganda, akatangazwa mchezaji bora anayecheza ndani ya bara, na Uganda Cranes timu bora ya taifa. Wengi wetu tunaikumbuka furaha ile. Lakini mara nyingi tuzo hiyo ya CAF huangukia makocha wa timu za taifa, kama Novemba 2025 ilivyokwenda kwa Bubista wa Cape Verde aliyeipeleka nchi yake ndogo Kombe la Dunia. Kocha wa klabu wa ukanda wetu hubaki katikati: mdogo kwa Ulaya, wa pembeni kwa Afrika, na nyumbani hana mizani.

Mpaka unaomkaba kocha

Msomaji wetu anayevusha bidhaa Busia, Mutukula au Namanga anaijua lugha ya vikwazo. Anajua pia kwamba baadhi vimepungua. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Haikuletwa na malaika nafuu hiyo. Ililetwa na wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, waliopiga kelele mpaka wakasikika.

Kocha naye anavusha bidhaa, ila bidhaa yake iko kichwani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaahidi raia wa Jumuiya uhuru wa kwenda kufanya kazi katika nchi mwanachama. Kenya, Rwanda na Uganda zimeondoleana ada za vibali vya kazi. Kwingineko bado kuna gharama na mlolongo. Tanzania mgeni anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, nyaraka mbili kutoka ofisi mbili. Kwa klabu tajiri hilo ni jambo la karani mmoja na wiki chache. Kwa klabu ya daraja la pili inayotaka mwalimu kijana kutoka nchi jirani, ni sababu ya kuacha.

Kuna suala la vyeti pia. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wa Jumuiya wana makubaliano ya kutambuana sifa zao. Makocha wana bahati ambayo wengine hawana: tayari wanatumia ngazi moja ya leseni za CAF, kuanzia D, C, B na A hadi Pro, na CAF haimruhusu kocha mkuu asiye na leseni A au inayolingana nayo kuongoza klabu katika mashindano yake. Maana yake kipimo cha pamoja kipo. Kilichobaki ni serikali na mashirikisho kukubaliana kwamba mwenye leseni hiyo na mkataba uliosajiliwa asihangaishwe na nyaraka kana kwamba ni mgeni kutoka sayari nyingine.

Kikwazo cha tatu hakiko mpakani. Kiko ndani ya klabu zetu. Chukua Yanga, klabu kubwa kuliko nyingi katika ukanda. Novemba 2024 ilimwondoa Miguel Gamondi. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza msimu akiwa bingwa, akaondoka. Akaja Romain Folz, akaondoka Oktoba. Akaja Pedro Goncalves. Makocha watano ndani ya mwaka mmoja, na katikati yake ubingwa wa Tanzania. Kama tungekuwa na tuzo ya kocha wa msimu, tungempa nani? Aliyelima, aliyepalilia au aliyevuna?

Yanga angalau ina uwezo wa kulipa anayeondoka. Katika klabu ndogo za ukanda huu, kocha huondoka na ahadi. Mfanyabiashara asingekubali kuuza mzigo kwa mkopo usio na maandishi mara tatu mfululizo. Makocha wetu wanaukubali mkopo huo kila msimu kwa sababu hawana pa kwenda.

Tuzo ya namna gani?

Ndiyo maana hatutaki tuzo ya picha na suti. Tunapendekeza CECAFA, yenye nchi wanachama 12, ianzishe tuzo ya kila mwaka ya kocha wa klabu, moja kwa wanaume na moja kwa wanawake, na iialike Kongo ingawa iko kanda nyingine ya mpira. Iwe na masharti yanayoeleweka na mtu yeyote anayejua kutunza daftari.

Kwanza, ipime faida, isipime ukubwa wa duka. Klabu ilikuwa ya ngapi kabla kocha hajafika, na sasa ni ya ngapi? Ilitumia kiasi gani kwa usajili ikilinganishwa na wenzake? Vijana wangapi wa chini ya miaka 20 amewapa nafasi ya kweli? Kocha aliyeitoa timu mkiani hadi nafasi ya nne kwa basi bovu na mishahara midogo awe na nafasi sawa na aliyebeba ubingwa.

Pili, mteule awe amekaa kazini angalau nusu ya msimu. Sharti hilo peke yake litawafanya viongozi wafikirie mara mbili kabla ya kufukuza.

Tatu, wapige kura manahodha, makocha na mwandishi mmoja kutoka kila nchi, lakini asiwepo wa kumpigia anayefundisha katika ligi ya nchi yake. Tunajuana. Mganda atampigia wa Uganda, Mkenya wa Kenya, na mwisho wake ni ugomvi. Kila kura ichapishwe kwa jina, kama FIFA inavyofanya.

Nne, zawadi isiwe sanamu. Iwe ada kamili ya kozi ya leseni inayofuata, pamoja na nauli na posho ya kujikimu. Kwa kocha wa Mbarara, Kigoma au Gitega, hiyo ni zawadi inayozaa. Na klabu yake ipewe sehemu yake ya fedha pale tu itakapothibitisha kwamba haina deni la mshahara la kocha yeyote, wa sasa au aliyeondoka.

Tano, tuzo iwe wazi kwa kila anayefundisha klabu ya ukanda, awe mzawa au mgeni. Milutin Sredojevic, Mserbia tunayemwita Micho, alikuja SC Villa mwaka 2001, akapita Ethiopia, Tanzania na Rwanda, kisha akaipeleka Uganda fainali za Afrika za 2017, za kwanza tangu 1978. Mserbia mwenzake Dusan Stojanovic aliirudishia Villa ubingwa mwaka 2024 baada ya miaka 20. Kazi hiyo ilifanyika hapa, kwa jasho la hapa. Cheti cha uasili kinatambua bidhaa iliyoongezewa thamani ndani ya Jumuiya hata kama malighafi imetoka nje. Na kocha apimwe hivyo hivyo.

Sita, na hili ndilo msingi wa yote: kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mataji manne ya Timbe yamekaribia kupotea hivyo hivyo. Mashirikisho yaweke kwa pamoja rejista moja ya makocha, inayoonyesha leseni, klabu walizofundisha, muda na matokeo, na iwe wazi kwa yeyote. Kiongozi wa klabu ya Bukoba anayetafuta mwalimu aweze kuisoma kabla hajampigia simu wakala wa Ulaya.

Watakaopinga

Wapo watakaosema tuzo ni anasa wakati viwanja havina nyasi. Tunajibu kwamba fedha zimekuwepo. Rais Paul Kagame ametoa kwa miaka mingi dola 60,000 kwa mashindano ya klabu yanayobeba jina lake, na bingwa amekuwa akipata 30,000. Sehemu ndogo ya kiasi cha namna hiyo inatosha kusomesha makocha kadhaa. Anayesema hatuwezi, aseme pia kwa nini tunaweza kununua wachezaji wa kigeni wanaokaa benchi.

Wapo watakaosema chema chajiuza, kwamba kocha mzuri atajulikana tu. Mfanyabiashara anajua methali hiyo inakamilika pale tu penye soko lenye taa. Dagaa wa Ziwa Victoria ni walewale, Tanzania wakiitwa dagaa, Kenya omena na Uganda mukene, lakini walioanikwa juu ya chanja safi na kufungashwa vizuri ndio wanaopata bei. Ubora upo. Unahitaji kuonekana.

Na wapo watakaouliza, haya yanamhusu nini mfanyabiashara wa mpakani? Yanamhusu kwa njia tatu. Kwanza, klabu zilizoinuka katika ukanda zimeinuliwa na watu wa biashara. Moise Katumbi aliyeipandisha TP Mazembe hadi ubingwa wa Afrika alianzia kwenye biashara ya samaki. Nyuma ya Simba, Yanga na Azam kuna wafanyabiashara. Wenye fedha wana haki ya kudai ufundi unaopimika. Pili, mechi kubwa ni soko. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN kwa pamoja, timu zote tatu zikafika robo fainali, na makocha Hemed Suleiman wa Tanzania na Morley Byekwaso wa Uganda wakaonyesha kwamba wazawa wanaweza. Mwaka 2027 nchi hizo hizo zitapokea fainali za Afrika. Klabu zikifundishwa vizuri, viwanja vitajaa hata baada ya wageni kuondoka, na muuza jezi, muuza chakula na mwenye basi watapata riziki kila wiki badala ya mwezi mmoja tu.

Tatu, uhuru ni mmoja. Afisa anayejifunza kumpitisha mwalimu wa mpira kwa cheti chake bila usumbufu amejifunza kumpitisha fundi cherehani, msusi na mekanika. Na afisa anayezoea kumzuia mmoja atawazuia wote.

Kazi ianze

Jirani kabisa na bandari hii kuna Gereza la Luzira. Ndani ya kuta zake wafungwa wana ligi yao ya mpira, yenye uongozi, kanuni na hata usajili wa wachezaji, na timu zao zimejipa majina ya klabu za Ulaya. Majina yameazimwa, lakini wanaopanga timu, wanaotuliza ugomvi na wanaomfundisha asiyejua ni wenyewe. Ndivyo ulivyo mpira wa ukanda huu wote: jezi ya kuazima, kazi ya kwetu. Umebaki uungwana wa kuiita kazi hiyo kwa jina lake.

Tunaiomba CECAFA iiweke ajenda ya tuzo na rejista ya makocha katika kikao chake kijacho, ili mshindi wa kwanza apatikane kabla ya fainali za 2027. Tunaiomba Sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha iwaingize makocha wenye leseni za CAF katika orodha ya taaluma zinazotambuliwa na nchi zote wanachama. Tunawaomba mawaziri wa kazi wa Tanzania, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia wakae na wenzao wa Kenya, Rwanda na Uganda, wakubaliane kuhusu kibali kimoja chenye gharama nafuu.

Na kwenu wafanyabiashara, hasa wenye vyama mpakani na bandarini: mmewahi kuwafanya wakubwa wabadili fomu za forodha. Safari hii ongezeni sauti yenu kwa ajili ya mtu anayevuka na filimbi na daftari. Mkishiriki kudhamini klabu, hata kwa seti moja ya jezi, ombeni kuuona mkataba wa kocha na muulize kama analipwa. Ubishi wa Guardiola na Luis Enrique uendelee, hakuna anayeuzuia. Ila mcheza kwao hutunzwa, na hawa wanacheza kwetu.